Wiski za Kanada, Toronto hadi Windsor: njia, bei na yaliyomo kwenye glasi

Simulizi hii imepangwa upya kutoka kwenye daftari la kuonjea na picha za simu. Njia yenyewe ni kusini mwa Ontario tu: Toronto, Grimsby, Beamsville na Windsor, mwisho wa Septemba, kabla baridi haijaanza kuuma. Wiski nyingine kubwa za Kanada hupikwa mbali mno kwa safari ya namna hii: Crown Royal iko Gimli, Manitoba; Alberta Premium iko Calgary; Glen Breton iko kisiwani Cape Breton. Hizo zilionjwa kwa chupa tu. Bei zote ni dola za Kanada, nazo ni za makadirio kwa sababu hupanda na kushuka.

Jumatatu, Toronto

Kutoka uwanja wa Pearson panda UP Express. Inaondoka kila dakika 15 na kukushusha Union Station kwa dakika 25. Teksi ina maana kama mko wanne na mizigo.

Ontario haiuzi wiski kwenye duka la mtaani. Bia na mvinyo utaviona kwenye maduka ya kawaida, lakini pombe kali ni ya LCBO, maduka ya serikali ya jimbo yaliyoanza mwaka 1927, au duka lililomo ndani ya kiwanda chenyewe. Umri wa kuruhusiwa ni miaka 19, na ukionekana kijana utaombwa kitambulisho, kwa hiyo pasipoti isikae hotelini. Tawi la kuanzia ni Summerhill, lililomo kwenye jengo la zamani la stesheni ya treni lenye mnara wa saa. Bei ya kwenye rafu tayari ina kodi. Kinachoongezeka kaunta ni amana ya chupa: senti 20 kwa chupa ya kioo inayozidi mililita 630, senti 10 kwa ndogo. Baa na migahawani ni kinyume chake: kodi ya asilimia 13 huja juu ya bei ya menyu, kisha bahshishi ya asilimia 15 hadi 20 juu ya hapo. Glasi iliyoandikwa dola 14 inakutoka karibu 18.

Muuzaji mmoja mwenye mvi, alipoona lebo zinasomwa moja moja, alitutoa kwenye kabati la chupa za bei mbaya akatuonyesha kapu la vichupa vya mililita 50 karibu na kaunta. Ushauri wake ulikuwa mfupi: anzeni na hivi, chupa kubwa mtanunua Windsor. Ni ushauri wa kufuatwa. Kichupa kimoja kinatosha watu watatu kuonja, nacho hugharimu dola chache tu. Baada ya hapo kuna ya mililita 200, kisha 375 ambayo wenyeji huiita mickey, kisha 750.

Aliyetaka kuweka bourbon, wiski ya Marekani, pembeni ili alinganishe, ajue kwamba LCBO iliondoa pombe za Marekani rafuni Machi 2025 kwa sababu ya ugomvi wa ushuru.

Sasa lebo, maana ndipo wageni wengi wanapopotelea. Sheria ya Kanada inataka wiski isagwe, ipikwe na kukomazwa ndani ya nchi, ikae kwenye pipa la mbao lisilozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3, na kilevi chake kisiwe chini ya asilimia 40. Baada ya hapo, kinywaji hicho hicho kimoja kinaruhusiwa kuitwa Canadian Whisky, Canadian Rye Whisky au Rye Whisky. Hakuna kiwango cha chini cha nafaka ya rai, ambayo ndiyo hiyo rye. Marekani ukiandika Rye lazima angalau asilimia 51 iwe rai. Kanada unaweza kuandika hivyo juu ya chupa iliyojaa mahindi. Kwa hiyo lebo yenye neno hilo peke yake haikuahidi chochote. Tafuta "100% rye", au jina la nafaka lililotajwa waziwazi.

Kuna kifungu kingine hakionekani kwenye lebo kabisa: mpikaji anaruhusiwa kuchanganya mvinyo au pombe nyingine iliyokaa kwenye mbao angalau miaka 2, mpaka sehemu moja ya 11, yaani asilimia 9.09. Kwenye chupa ya 750 hiyo ni kama mililita 68. Wengi hawatumii nafasi hiyo, wengine huitumia kwa ustadi: Alberta Rye Dark Batch ni asilimia 91 rai, 8 bourbon na 1 sherry (mvinyo ulioongezwa kileo), wala haifichi. Wanaoiita hiyo hila hawajaionja.

Jioni, Distillery District. Hapa ndipo James Worts alipojenga kinu cha upepo mwaka 1832 pamoja na shemeji yake William Gooderham; upikaji wa wiski ulianza 1837, na karne hiyo haijaisha Gooderham & Worts kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya pombe duniani. Kilifungwa 1990, na tangu 2003 majengo yake ya matofali mekundu ni mtaa wa migahawa na maduka ya sanaa, magari hayaingii. Ni pazuri kwa picha. Wiski ya jina hilo haipikwi tena hapa, inapikwa Windsor. Kama muda ni mfupi, saa moja inatosha.

Jumanne, Grimsby na Beamsville

Bila gari inawezekana. Treni ya GO ya Lakeshore West mpaka Burlington, halafu basi namba 12 linaloelekea Niagara, shuka Casablanca, Grimsby. Nauli ni chini ya dola 20 kwa njia moja. Gusa kadi ya benki unapopanda na unaposhuka kwenye treni, usisahau mara ya pili. Kutoka kituoni hadi kiwanda cha Forty Creek ni mwendo wa miguu kando ya South Service Road, sambamba na barabara kuu ya QEW. Hakuna kivuli na malori yanapiga kelele, lakini huwezi kupotea. Wanaokuja na gari wapange dereva asiyeonja kabisa. Polisi wa Ontario huanza kukunyang'anya leseni kuanzia kiwango cha 0.05 kwenye damu, na kuanzia 0.08 ni kosa la jinai.

Forty Creek ni mahali pa kuanzia kwa sababu muundo wake unaeleweka haraka. John Hall alikuwa mtengeneza mvinyo. Alinunua kiwanda hiki mwaka 1992, na kampuni ya Campari ikakinunua kutoka kwake 2014. Alichofanya ni kushika nafaka tatu, mahindi, rai na shayiri, akazipika kila moja peke yake na kuzikomaza kila moja kwenye pipa lake: rai kwenye mwaloni uliokaushwa kwa moto mdogo, shayiri kwa moto wa wastani, mahindi kwenye pipa lililochomwa hadi likawa mkaa ndani. Baada ya miaka ndipo anachanganya.

Hilo ndilo linalotenganisha Kanada na Kentucky, nyumbani kwa bourbon. Mpika bourbon huchanganya nafaka kabla ya kupika, na uamuzi wake wa nafaka unaisha pale. Wa Kanada kwa kawaida huchanganya mwishoni, akiwa na ghala zima mbele yake. Kwa hiyo ukionja wiski ya Kanada usijiulize tu "nafaka gani", jiulize "nani kachanganya, na kwa uwiano gani".

Yaliyoonjwa kaunta:

Barrel Select, asilimia 40, karibu dola 30 kwa chupa. Inanukia vanila, karanga zilizokaangwa na ganda la chungwa. Mdomoni ni tamu, sukari guru kabisa, na utamu huo ndio unaoibeba na ndio unaoichosha; glasi ya pili haina jipya. Ukiiongezea maji inalegea upesi, kwa hiyo usizidishe matone matatu.

Copper Pot Reserve, asilimia 43. Ni familia ile ile ila ina mifupa. Asilimia hizo tatu zinaonekana kidogo kwenye karatasi, mdomoni ndizo zinazobeba viungo. Kwa tofauti ndogo ya bei, chukua hii.

Confederation Oak Reserve. Hukamilishiwa kwenye mapipa ya mwaloni mweupe ulioota Ontario. Mti wa nchi ya baridi hukua polepole, pete zake hubanana, na pipa lake hutoa viungo zaidi kuliko utamu. Inanukia mdalasini na mbao mpya, kisha siagi. Ndiyo bora kati ya hizo tatu, ingawa haipatikani kila tawi la LCBO, hivyo ukiikuta kiwandani usiiache kwa kudhani utaiona mbele.

Kati ya Grimsby na Beamsville ni kilomita kama 10, na mabasi ni ya kusubiri sana. Mama mmoja wa makamo aliyekuja kununua chupa ya zawadi alisikia tukiuliza njia akasema anapita huko huko. Njiani alisimama kwenye kibanda cha matunda, akarudi na kikapu cha pichi za mwisho za msimu akakiweka kiti cha nyuma, mafuta hakutaka kulipwa. Upande wa kulia ni ukuta wa mawe wa Niagara Escarpment, chini yake mizabibu hadi ziwani.

Dillon's, kiwanda cha Beamsville, walianza 2012. Wao wana msimamo: wiski yao ya rai ni rai tupu ya Ontario, iliyokaa kwenye aina tatu za mapipa, mwaloni mpya wa Ontario, mwaloni mpya wa Marekani na pipa lililokuwa na bourbon. Ndiyo maana inaitwa Three Oaks. Ukali wake wa mbao changa unajitokeza wazi: penseli iliyochongwa, pilipili manga, halafu harufu ya mkate. Wengine wanaona mbao imezidi. Ukiiacha dakika 10 kwenye glasi, penseli inapungua na mkate unabaki.

Tahadhari moja ya kaunta za viwandani: vikombe vidogo vya plastiki au glasi za shoti havionyeshi harufu. Omba glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ukiuliza vizuri, hupati jibu baya.

Jumatano, kwenye treni

Badala ya kurudi Toronto, panda basi hadi Burlington, treni ya GO hadi Aldershot, na hapo ungana na treni ya Windsor. Tiketi inaanzia kama dola 50 ukikata wiki kadhaa kabla, ukingoja siku ya safari inapita 100. Brantford, Woodstock, London, Chatham: mashamba ya mahindi na soya tu, hakuna la kuandika. Baada ya London treni ilisimama pembeni karibu saa nzima kupisha ya mizigo. Hilo ni la kawaida kwenye njia hii kwani reli nyingi ni mali ya kampuni za mizigo, hivyo usipange ziara ya kiwanda siku hiyo hiyo ya kufika.

Stesheni ya Windsor iko Walker Road, na kiwanda cha Hiram Walker kiko umbali wa kutembea tu. Ukishuka upepo ukiwa upande wako utakutana na harufu ya nafaka iliyopikwa kabla hujaona bomba lolote. Chakula cha jioni: piza ya Windsor, ambayo pepperoni yake hukatwa nyuzi nyuzi na uyoga wake ni wa kopo. Inasikika vibaya, inalika vizuri. Ila ni ya chumvi na mafuta, na ulimi wa kesho utalipa. Kula mapema, kunywa maji mengi.

Alhamisi, Walkerville

Hiram Walker alikuwa mfanyabiashara wa nafaka Detroit. Mwaka 1858 alivuka mto akajenga kiwanda upande wa Kanada, na kuzunguka kiwanda akajenga mji mzima wa wafanyakazi wake, Walkerville. Wiski yake iliitwa Club. Neno Canadian liliongezwa baadaye. Jengo la ofisi la 1894, la mtindo wa Kiitaliano, bado liko kando ya mto. Ukisimama mbele yake ukatazama Detroit unatazama kaskazini, jambo linalowachanganya wageni wote. Mto hapo haufiki kilomita moja kwa upana. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, upana huo ndio uliotajirisha watu wa kingo zote mbili.

Kiwanda sasa ni cha kampuni ya Pernod Ricard na kwa uwezo wa uzalishaji hutajwa kuwa kikubwa kuliko vyote Amerika Kaskazini. Lebo zinazotoka hapa zinababaisha. J.P. Wiser alikuwa mtu wa Prescott, mashariki ya jimbo. Gooderham na Worts watu wa Toronto. Canadian Club ni mali ya kampuni ya Suntory lakini inapikwa hapa kwa mkataba. Jina la mji kwenye chupa ni historia, si anwani.

Ziara haziwi kila siku. Weka nafasi mapema na vaa viatu vya kufunika vidole. Usijipake manukato, kwa heshima ya pua za wenzako.

Mahindi husagwa, hupikwa kwa mvuke, huongezwa vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, kisha hamira, na huchachuka kwa siku kama tatu. Pombe hiyo changa hupitishwa kwenye mitambo ya mnara inayoikeneka hadi karibu asilimia 95. Kileo cha namna hiyo kina ladha ndogo sana ya nafaka, na hicho ndicho wanachokitaka: wiski ya msingi, inayopokea ladha ya pipa kuukuu bila ubishi. Upande wa pili ni wiski ya ladha, inayotolewa kwa asilimia za chini zaidi ili mafuta na viungo vya nafaka vibaki. Chupa nyingi za Kanada ni ya msingi kwa wingi, ya ladha kwa kidogo.

Rai ndiyo inayowatoa jasho. Ina utomvu mwingi, na ikipikwa hunata kama uji wa ulezi uliozidishiwa unga. Mabomba huziba, pampu huchemka. Ikianza kuchachuka hutoa povu linalopanda hadi mfuniko, hivyo pipa la kuchachulia halijazwi. Kisha inatoa kileo kidogo kwa kila tani ukilinganisha na mahindi. Ukiyajua haya huulizi tena kwa nini chupa ya rai tupu ni ghali.

Lot No. 40 imetoka katika usumbufu huo. Rai tupu, mara ya kwanza inapita kwenye mnara, mara ya pili kwenye mtambo wa shaba wa chungu wa lita 12,000. Shaba hunasa harufu za kiberiti. Kinachotoka mwanzo hutengwa kwa sababu kina harufu ya gundi, kinachotoka mwisho hutengwa kwa sababu kina harufu ya mbwa aliyelowa, na katikati ndiyo inayokwenda kwenye pipa jipya lililochomwa.

Msimamizi wa kuonja alifanya jambo lililostahili nauli yote: aliweka mbele ya kila mtu glasi mbili zisizo na jina, moja ya mahindi tu na moja ya rai tu, akaleta pipeti. Tone kwa tone. Ukiwa na mililita 20 za mahindi, mililita 1 ya rai huisikii. Ya 2 inabadilisha mwisho wa ladha, ile inayobaki kooni. Ya 4 inateka pua nzima na mahindi yanakuwa mwili tu. Fanya hivyo nyumbani kwa Wiser's Deluxe na Lot No. 40, utaelewa kazi ya mchanganyaji kuliko kwa kusoma.

Don Livermore, mchanganyaji mkuu wa hapa, ana shahada ya uzamivu katika fani hiyo, na ndiye anayejulikana kwa gurudumu la ladha linaloonyesha kila harufu imetoka wapi: nafaka, hamira au mbao. Kwa pua ya pwani kazi ni rahisi. Harufu ya karafuu ndani ya wiski ni yujenoli, kitu kile kile kilichomo kwenye mafuta ya karafuu, nayo hapa hutoka kwenye mwaloni. Harufu ya nazi ni laktoni za mwaloni, na hujaa zaidi pipa likiwa jipya. Vanila ni mbao iliyopigwa moto. Rai yenyewe huleta pilipili, mkate na ukakasi. Ukisikia nazi nyingi kwenye wiski, jua umekutana na pipa jipya, si umri mkubwa.

Rangi usiiamini kabisa. Karameli inaruhusiwa.

Ijumaa, Lakeshore na meza ya kuonjea

Asubuhi, teksi kwenda mashariki, kama dakika 20, hadi maghala ya kukomazia wiski ya Pike Creek. Ndani huingii. Cha kutazama ni nje: kuta, alama za barabarani, uzio, mashina ya miti, vyote vyeusi kana kwamba vimepakwa masizi. Si masizi. Ni ukungu uitwao Baudoinia, unaoishi kwa mvuke wa kileo unaotoroka kwenye mapipa. Mtaalamu wa kuvu wa Toronto, James Scott, aliitwa hapa Lakeshore kuuchunguza, na jina rasmi Baudoinia compniacensis likatangazwa 2007. Pitisha kidole kwenye nguzo ya uzio: unga mkavu mweusi unabaki kwenye alama za kidole, hautoki kwa kufutia suruali. Upande wa nguzo unaopigwa na jua ulikuwa na ukoko uliopasuka, upande wa kivuli ulikuwa laini. Dereva alisema wenye nyumba za jirani huosha kuta kwa mashine ya maji na mwaka ukizunguka zimerudi vile vile.

Amherstburg, kusini ya Windsor, haikufikiwa. Ndiko Crown Royal ilikokuwa ikijazwa chupa; Agosti 2025 Diageo, kampuni yenye Crown Royal, ilitangaza kukifunga kiwanda hicho, na waziri mkuu wa jimbo, Doug Ford, akamwaga chupa ya Crown Royal mbele ya kamera. Watu wa huku bado wanalizungumza kwa hasira, na baa nyingine utaulizwa kwanza kabla ya kumiminiwa.

Jioni, mwenye nyumba ya wageni alitukopesha glasi sita za tulipu na meza ya jikoni. Utaratibu:

Osha glasi kwa maji moto bila sabuni, zikaushe kwa kuzipindua. Kitambaa huacha harufu. Mimina mililita 15 kila moja. Glasi sita ni mililita 90, karibu vinywaji viwili na nusu vya kipimo cha Kanada, kwa hiyo temea kikombe kama kesho unaendesha. Acha dakika 5. Usizungushe glasi kama mvinyo, utainua kileo peke yake. Pua iwe ukingoni, mdomo wazi kidogo. Ikiwasha, umeingia ndani mno. Katikati kula mkate mkavu na maji ya kawaida. Kahawa na pilipili ziwe zimekomea mchana. Barafu isikaribie. Panga kutoka nyepesi kwenda nzito, ukikosea mpangilio zile za mwanzo zote zitaonekana maji.

J.P. Wiser's 18, asilimia 40. Mahindi kwa sehemu kubwa, mapipa kuukuu. Tende, tufaha, mbao kavu. Inaanza kimya halafu ukakasi unapanda pembeni mwa ulimi. Watu huipita wakidhani nyepesi maana yake dhaifu. Haitaki hata tone la maji.

Pike Creek, asilimia 42, imemalizikia kwenye mapipa ya ramu. Ndizi mbivu, sukari ya miwa. Nzuri kwa anayeanza, meza haikugombania.

Gooderham & Worts Four Grain, asilimia 44.4: mahindi, rai, ngano na shayiri. Hii ndiyo ilichukua muda mrefu. Kila dakika kadhaa nafaka nyingine inasogea mbele; kwanza asali, kisha biskuti, kisha tangawizi.

Crown Royal Northern Harvest Rye, asilimia 45, rai asilimia 90. Mwaka 2015 ilipewa tuzo ya wiski bora ya dunia katika mwongozo mmoja maarufu na ikatoweka madukani. Siyo bora ya dunia. Kwa bei yake ya karibu dola 40, ni nzuri sana: chungwa, vanila, pilipili manga safi. Mililita 15 ongeza 4 za maji, inashuka karibu asilimia 35 na chungwa linafunguka.

Lot No. 40, asilimia 43, kati ya dola 40 na 50. Karafuu, iliki, mkate mweusi, nazi kwa mbali. Mdomoni viungo vinakuja kwa zamu na vinakaa. Hakuna chupa ya bei hii mezani iliyoikaribia, na kama ni moja tu ya kubeba, ni hii.

Alberta Premium Cask Strength, zaidi ya asilimia 60, rai tupu. Iwe ya mwisho daima. Kavu kavu inafunga ulimi. Kwa kila mililita 15 weka 9 za maji, karibu vijiko viwili vya chai, uiteremshe hadi kama 40. Hapo ndipo sukari iliyoungua, tangawizi na pichi iliyokaushwa vinaonekana. Weka maji kidogo kidogo, ukimwaga kwa mkupuo inapauka.

Glasi zilizotumika usizioshe usiku. Asubuhi zinuse zikiwa kavu: ya Wiser's 18 ilibaki na harufu ya kabati la mbao, ya Pike Creek haikubaki na kitu.

Jumamosi, kufunga mizigo

Chupa iliyofunguliwa haikai karibu na dereva wala abiria, iende buti. Kwenye ndege, pombe ya asilimia 24 hadi 70 inaruhusiwa hadi lita 5 kwa mtu kwenye begi la chini, ikiwa bado imefungwa kiwandani. Inayozidi 70 hairuhusiwi kabisa. Anayerudi Afrika Mashariki akumbuke msamaha wa forodha wa jumuiya ni lita 1 ya pombe kali, yaani chupa moja ya 750 na mickey haitoshei pamoja nayo bila kulipia. Vichupa vitano vya 50 vinatoshea kamili.

Funga shingo ya chupa kwa mfuko wa plastiki uliokazwa kwa utepe, halafu soksi, halafu katikati ya nguo. Nyumbani isimamishe wima, maana wiski hula kizibo ikilazwa. Ikifika chini ya theluthi, ihamishie kwenye kichupa cha mililita 200 kilichojaa hadi shingoni. Lot No. 40 ikiachwa na hewa nyingi kwa miezi, cha kwanza kuondoka ni iliki.